Chai ya Saa Nne kwa Shangazi Thora

Dessie Halkett ni fundi bomba mjini Stanley, na ukitaka kumkera, muulize kama jeshi lao ni jeshi kweli. Atakutazama, atatia spana mfukoni, atakwambia bomba lako litavuja tena wiki ijayo na yeye asiitwe. Wageni wanalipenda sana swali hilo. Asubuhi wanamwona amejikunja chini ya sinki la mtu, jioni wanamwona anapita barabara ya pwani na kombati na bereti, tepe tatu za sajini mkononi, basi wanacheka. Wacheke. Huku visiwani Falkland kila mtu ni watu wawili watatu kwa mpigo. Karani wa benki ndiye kapteni, muuguzi wa wodi ndiye mlenga shabaha, na mwalimu wa hesabu ndiye anayebeba bunduki ya rashasha kilimani huku magoti yakimlalamikia. Hatutoshi kuwa na mtu mmoja kwa kazi moja.

Waingereza wana kambi yao kubwa na ndege zao, hilo halifichiki. Lakini kikosi hiki cha kujitolea ni chetu wenyewe. Ukumbi ni wetu, watu ni wetu, na anayekupigia kelele ukiwa mlegevu kwenye gwaride ndiye uliyemuuzia kondoo juzi. Hakuna anayelazimishwa kujiunga. Anayejiunga ana lake moyoni.

Dessie alilipata lake kwa baba. Mzee Murdo Halkett alikuwamo kikosini ile Aprili ya mwaka themanini na mbili, visiwa vilipovamiwa. Waliitwa, wakaenda, wachache vile vile walivyokuwa, na kulipokucha wavamizi wakawapokonya bunduki na kuwarudisha majumbani. Mzee alikaa jikoni na buti zake miguuni, siku ile na siku iliyofuata, na hakuna aliyethubutu kumwambia avue. Dessie alikuwa mdogo lakini sura ile aliiona. Alipofikisha umri alijiandikisha, na mkewe Norna alipomuuliza anatafuta nini huko, alimjibu, "Siku nikiitwa nataka niwe wa kwanza kuinuka. Basi."

Vita haijarudi, tushukuru. Kinachorudi kila mwaka ni moto wa nyasi, Landrova zilizozama kwenye matope meusi, majeneza ya kubebwa, na watu waliopotea shamba. Shamba kwetu ni kila kilicho nje ya mji, na nje ya mji ndiko kuliko na visiwa karibu vyote.

Corrie Gilfillan alipotea mwezi wa Agosti, katikati ya baridi. Alikuwa mwana pekee wa Thora Gilfillan wa Longbeck, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, hakuwa na mke, ana mbwa, mpole kupita kiasi. Alitoka alasiri na pikipiki yake ya magurudumu manne kwenda kutazama ua ulioangushwa na upepo, usiku ukaingia hajarudi. Hakuna aliyeshtuka sana. Mara mbili tatu huko nyuma kijito kilijaa maji akashindwa kuvuka, akalala kwenye kibanda cha wachungaji ng'ambo, kesho yake akarudi na ndevu na njaa. Asubuhi mama yake aliita kwenye redio. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini, helikopta haziruki, kwa hiyo wakaitwa watu wa kikosi.

Dessie aliondoka na Landrova akiwa na watu wawili. Mmoja Pru Skelton, muuguzi wa hospitali, mwanamke asiyependa maneno mengi. Mwingine Elroy Yon, mtu wa kisiwa cha St Helena aliyekuja kujenga nyumba za watu akaishia kuoa na kujenga yake, naye maneno ndiyo chakula chake. Njiani kapteni alimwita Dessie redioni: "Sajini, pitia kwa mama yake umuulize alielekea wapi. Halafu pandeni mara moja. Mchana theluji inakuja."

"Nimekupata," akasema Dessie. Na alikuwa amempata kweli, neno kwa neno. Hilo ndilo linalomla mpaka leo.

Walipofika Longbeck ilikuwa inakaribia saa nne. Thora alikuwa mlangoni, mama wa miaka sabini na ushei, mfupi, nywele amezichana vizuri kama anayekwenda kanisani. Nyuma yake meza ilikuwa imetandikwa. Sio imewekwa vikombe, imetandikwa: skonzi za moto, keki ya tabaka, biskuti za siagi, jamu ya matunda ya porini, birika mbili, na vile vikombe vya maua ambavyo Dessie hakuwahi kuviona ila kwenye matanga ya mume wa Thora.

"Ingieni, ingieni, mnaniingizia baridi ndani."

"Shangazi Thora, hatukai," Dessie akasema. Hakuwa shangazi yake wa damu, lakini shamba kila mama mkubwa ni shangazi. "Tuambie tu alishika njia gani."

"Nitawaambia mkiwa mmekaa. Mmetoka mjini gizani hamjatia kitu tumboni, nakujua wewe, na Norna namjua, huwa haamki mapema."

"Anaamka, Shangazi."

"Anaamka kukufungia mlango. Kaa."

Niseme jambo hapa, kwa sababu mtu asiyekaa huku atawaona wapumbavu. Chai ya saa nne kwetu si chai. Mtu akiingia nyumbani kwako saa ile unamlisha, hata kama ni yule aliyekuibia beberu, na aliyelishwa anakula, hata kama ametoka kulishwa nyumba ya jirani. Mama wa shamba asiye na keki ya kumpa mgeni atakwambia anaumwa. Na mgeni anayekataa keki amekataa nyumba, na habari zitafika Stanley kabla yake. Watu walinuniana miaka kwa skonzi moja iliyoachwa sahanini. Ni ujinga, ndiyo. Ni ujinga wetu, na ndio uliotuweka hai kwenye upepo huu.

"Sajini," Elroy akamnong'oneza, "ukikataa keki hii utashushwa cheo na shamba zima. Mimi simo."

Dessie akaangalia dirishani. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda, mlima ulionekana mpaka kiunoni. Akamfikiria Corrie kwenye kile kibanda, amejifunika magunia, anamlaani mbwa. Akamwangalia yule mama na vikombe vyake. Akakaa.

Thora akawavua glavu mikononi kama watoto. "Zimelowa hizi. Zikauke kwanza, mtakatika vidole huko juu." Akazitundika juu ya jiko, na makoti nayo akayachukua. Akamimina chai. Alisema Corrie alishika njia ya Korongo la Bata, halafu akasema hapana, labda alizungukia kwa juu, ngoja afikiri. Birika ya kwanza ikaisha, akaleta ya pili. Elroy alipofika keki ya tatu alisema, "Shangazi, ukitaka mume mwingine nipo," naye Thora akacheka, akampiga na kitambaa, akasema ngoja basi awakaangie mayai.

"Mayai hapana," Pru akasema. Alikuwa ameshasimama.

"Yameshapasuka, mwanangu. Nimwagie nani?"

Wakala mayai. Katikati ya mayai kapteni aliita redioni kuuliza wako wapi, na Elroy, mdomo umejaa, akajibu, "Tupo kwa Gilfillan, tunamalizia chai." Redio ile inasikika kila jiko la kila nyumba ya shamba. Hakuna asiyesikiliza, hasa kukiwa na mtu aliyepotea.

Walipotoka, glavu zikiwa kavu na Thora ameshasema ni Korongo la Bata, ilikuwa imepita kama saa nzima. Korongo lenyewe halikuwa mbali. Theluji iliwakuta njiani kama kapteni alivyosema, nyepesi kwanza, halafu ya kweli, na katikati ya theluji hiyo wakamsikia mbwa. Pikipiki ilikuwa imepinduka kwenye mtaro, magurudumu juu, na Corrie chini yake amebanwa mguu. Alikuwa amejivutia koti kichwani. Kwa mkono mmoja alikuwa amechimba matope kuuzunguka ule mguu, alikuwa amechimba sana, na alibakisha kidogo.

Pru alimpandishia fulana akatia mkono. Akaubakisha pale. Akainua uso akamtazama Dessie.

"Ana joto," akasema.

Waliinua pikipiki, wakamlaza, wakaanza kumkandamiza kifua kwa zamu, Dessie, Pru, Elroy, tena Dessie. Elroy alikuwa anamwita jina kwa sauti, anamtukana, anamwambia aache utani. Waliendelea mpaka mikono ikafa ganzi na Pru akasema basi. Dessie hakuacha. Ikabidi wamshike wawili wamwondoe juu ya kifua cha mtu.

"Muda gani?" Dessie akamuuliza Pru. "Niambie, wewe ndiye muuguzi. Muda gani?"

"Usiniulize hivyo."

"Nakuuliza."

Pru akafuta theluji usoni. "Tungekuja moja kwa moja tungemkuta anaongea. Sasa umeridhika?"

Walimteremsha kwa machela. Njia nzima Dessie alikuwa anatunga sentensi moja, anaipindua, anaijaribu. Uwanjani pale Longbeck, Thora alikuja kuwapokea bila koti. Aliinamia machela akamkumbatia mwanawe, akakaa hivyo muda mrefu, theluji inamwangukia mgongoni. Alipoinuka, Dessie akaitoa ile sentensi.

"Alikwenda usiku, Shangazi. Usingizini. Hakuteseka."

Pru akaangalia buti zake. Thora akamtazama Dessie usoni, akaitika kwa kichwa, akasema, "Ahsante, mwanangu. Mwingizeni ndani."

Uongo ule ulienea visiwa vyote, na watu waliukubali kwa kuwa ulikuwa uongo mzuri. Daktari alisema baridi haimruhusu mtu kujua saa kamili ya kifo, na kwa hilo akawasaidia bila kujua. Corrie alizikwa, na kikosi ndicho kilichombeba, maana Thora ndiye aliyeomba, na kwenye ngazi ya kanisa Dessie alishika kona ya mbele. Lakini watu wana masikio. Redio walikuwa wameisikia. Wiki mbili baadaye dukani, mtu mmoja aitwaye Rex Tolliver, mwenye mdomo usiolala, alisema nyuma ya Dessie, sio kwa sauti kubwa, lakini kwa sauti ya kutosha, "Nasikia keki za Thora ni tamu, zinasimamisha jeshi zima."

Dessie angempiga ningemwelewa. Hakumpiga. Aliweka chini mkate na maziwa, akatoka, akamwacha mwenye duka na Rex wanatazamana.

Tangu hapo akaanza kuharibika. Jioni za mazoezi alisema ana kazi, halafu akaacha hata kusema. Kombati aliikunja akaitia kwenye mfuko, akaweka mfuko nyuma ya mlango, siku zote yuko karibu kuupeleka ukumbini na siku zote haupeleki. Kapteni alimfuata nyumbani, akamwambia achukue muda. Norna hakuwa mwanamke wa kumpa mtu muda.

"Unaoza, Dessie. Nakuona unaoza mbele yangu."

"Niache."

"Nikuache uende wapi? Baba yako alikaa jikoni na buti siku mbili. Wewe huu mwezi wa pili."

"Baba aliambiwa akae na watu wenye bunduki. Mimi niliambiwa niende, nikakaa kula keki. Unataka nikueleze nini?"

Hilo la joto la Corrie hakuwa amemwambia Norna, lakini mke anajua pale mumewe anapozunguka shimo.

Mwezi wa Oktoba, upepo ulipotulia kidogo, Dessie alianza kwenda Longbeck siku za Jumamosi. Jiko la Thora bado ni lile la zamani, linalokula, badala ya kuni, udongo mweusi unaokatwa bondeni kama matofali na kuanikwa. Kazi ile ilikuwa ya Corrie. Dessie hakuombwa. Alikwenda na sepetu yake, akakata, akapanga, akaondoka. Ndani hakuingia. Thora alimpungia mkono kutoka dirishani, naye akampungia, na saa nne ilipofika alikula mkate wake mwenyewe kwenye Landrova, mlango umefungwa. Ningekuwa mimi Thora ningetoka siku ya kwanza nimtoe humo kwa sikio. Yeye alingoja. Jumamosi ya tatu ndiyo aliyoshuka bondeni, amevaa koti la mwanawe linalomfika magotini, mikono mitupu.

Aliketi kwenye ukingo ule uliokatwa. Dessie akaendelea kukata.

"Unakata vinene," Thora akasema. "Havitakauka hivyo."

"Nitapunguza."

"Norna amenipigia simu."

Sepetu ikasimama.

"Anasema huendi tena kikosini. Anasema umekonda. Mimi nimemwambia hilo naliona, nina macho." Akaokota kipande cha udongo, akakigeuza. "Dessie, nikuulize jambo, na usinijibu kama ulivyonijibu ile siku uwanjani."

"Shangazi..."

"Mwanangu alikufa saa ngapi?"

Sentensi ile ya usiku na usingizi ilikuwa mdomoni tayari. Alikuwa ameshaisema mara nyingi, kwa daktari, kwa kapteni, kwa mchungaji, ikawa inatoka yenyewe. Aliiona faida yake yote. Mama huyu atarudi ndani, atawasha jiko lake, atazeeka na mwana aliyelala usingizi. Akisema neno jingine, atamkabidhi meza ile, na vikombe, na mayai, akae navyo peke yake Longbeck mpaka afe. Nani anamfanyia mtu hivyo? Alimtazama ili aseme uongo wake, na alipomtazama akaona kuwa mama haulizi ili ajue.

"Unajua," Dessie akasema.

"Nilimtia mkono kifuani pale kwenye machela. Maisha yangu yote nimeokota kondoo kwenye theluji, Dessie. Najua aliyekufa jana na aliyekufa sasa hivi. Nimejua tangu kabla hujafungua mdomo."

"Mbona hukusema?"

"Ulinipa kwa upendo, nikutupie? Kila mtu amekuja hapa na ule usiku wenu. Mchungaji kaja nao. Majirani wamekuja nao. Nimewapa chai, nimesema ahsante. Nimechoka. Nataka mtu mmoja tu aniambie, nisiwe nalijua peke yangu."

Dessie alidondosha sepetu. Alikaa chini kwenye matope, akasema yote. Joto. Ule mguu aliouchimbua nusu. Pru alivyosema wangemkuta anaongea. Alilia akisema, wala hakujificha, na Thora hakumshika wala hakumnyamazisha. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ndani ya mikono ya lile koti.

"Ni mimi," Dessie akasema. "Kapteni aliniambia nipande mara moja. Mimi ndiye sajini. Ningesema twendeni wangeinuka. Wewe ulitulisha tu, Shangazi, kama unavyomlisha mtu yeyote. Kosa ni langu, niachie mimi."

"Hapana."

"Nilikuwa na amri—"

"Nyumbani kwangu huna tepe," Thora akasema, kwa ukali kidogo. "Nyumbani kwangu ulikuwa mgeni. Na mimi sikukuruhusu kuinuka. Zile glavu zilikuwa hazijalowa, Dessie. Hukuona? Zilikuwa kavu kabisa. Na njia ya Corrie niliijua tangu mnaingia."

Dessie akamtazama, hakuelewa.

"Usiku mzima nilipika. Mtu hapiki keki ya tabaka kwa mwana aliyelala kwenye kibanda. Nilikuwa nimeshajua moyoni kuwa mkipanda mtarudi na maiti. Nilijua kama ninavyojua jina langu." Sauti yake haikutetemeka, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. "Nikasema, basi wasipande bado. Wanywe. Wale. Mtu hawezi kuja kuniambia mwanangu amekufa na huku anakula mayai yangu. Kila mlipotaka kuondoka nikatafuta kingine. Nikasema, madamu wamekaa hapo, mimi bado nina mwana."

Akaangalia mlima, upande wa korongo.

"Na kweli, Dessie. Nilikuwa naye."